"Mtoto Huyu Amenishinda": kisa cha binti, mama yake na farasi mzee wa Kentucky

Neno lililonitoa jasho siku ya kwanza ni terapi. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama mmoja mjini Lexington, jimbo la Kentucky, simu iko mezani imewekwa spika, na upande wa pili mtaalamu wa saikolojia anaeleza kwa Kiingereza mpango wa Jumamosi kumi na mbili ambazo binti wa mama huyo atakuwa anakwenda shambani kwa farasi. Mimi ndiye mkalimani. Nikasema, "tiba ya farasi." Mama akanitazama. "Farasi anaumwa nini?" Nikajirekebisha: tiba kwa kutumia farasi. Akafikiri kidogo. "Anakunywa au anapakwa?"

Hapo nikajua nimeliharibu. Tiba na mnyama vikikutana katika sentensi moja, kwetu kinachokuja kichwani ni mafuta ya simba kwenye kichupa, si saikolojia. Ikabidi nieleze kwa kirefu: atakwenda, atamsugua, atamwongoza kwa kamba, na huyu mtaalamu atakuwa pale anamwangalia na kuzungumza naye. "Kwa hiyo ni kazi," mama akasema. Nikamwambia ndiyo, ni kama kazi. Mpaka leo naona tafsiri yake ilikuwa bora kuliko yangu.

Naandika kisa hiki kwa sababu wazazi wengi wa Kiswahili huku Marekani wanaletewa karatasi za mipango ya namna hii, wanatia saini, hawajui wametia saini nini. Kisa chenyewe nimekishona kwa vipande vya familia zaidi ya moja, na mambo ya kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Majina sitaji, wala ya shule, wala ya hospitali, wala ya shamba.

Lexington hujiita mji mkuu wa farasi duniani, na ukitoka nje ya mji unaona hawaongopi: uzio wa mbao barabara nzima, majani ya kijani, farasi wa mbio wenye bei kuliko nyumba. Mji huohuo umepokea Wakongo wengi mno kutoka kambi za Tanzania, Uganda na Burundi, hata shule zinatuma barua kwa Kiswahili. Ila Lexington hizi mbili hazikutani sana. Watu wetu wako kwenye maghala na viwanda, usiku. Farasi wanawaona kwenye kioo cha gari.

Mama ni Mbembe wa Fizi, Kivu Kusini. Alikimbilia Nyarugusu, kambi ya Kasulu mkoani Kigoma iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, akakaa humo miaka 18. Binti alizaliwa kambini, akaja Marekani ana miaka minane, na haukupita mwaka akawa ndiye Kiingereza cha nyumba nzima. Barua ya mwenye nyumba anasoma yeye. Simu ya umeme anapokea yeye. Wadogo zake watatu wakiitiwa mzazi shuleni, yeye ndiye anayekwenda na mama, anakaa katikati. Kila familia ya kwetu huku ina mtoto wa namna hii. Tunamsifu mbele ya wageni: huyu ndiye mdomo wetu. Hakuna anayeuliza mdomo unachoka lini.

Alipofika miaka 15 alichoka. Alipigana shuleni, akasimamishwa, akarudi, akapigana tena. Mara mbili hakulala nyumbani. Mwalimu mmoja aliona kwenye mkono wake kwamba anajiumiza. Mama akaitwa, na hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa hiyo niende polepole.

Ofisini walikuwa wanne: mwalimu mkuu msaidizi, polisi wa shule, mama, na binti. Mkalimani hakuwepo. Wakaanza, na binti akawa anatafsiri, kama kawaida. Mama akaulizwa hali ya nyumbani ikoje. Akajibu vile mama yeyote wa kwetu angejibu akiwa amechoka mbele ya watu anaotumaini watamsaidia: "Mtoto huyu amenishinda."

Sisi tunajua sentensi hii. Ni pumzi. Mama anaisema leo, kesho anampikia mtoto huyohuyo chakula anachokipenda. Lakini Kentucky ina kitu kisheria kinachoitwa kwa maneno karibu yaleyale: mtoto aliye nje ya uwezo wa mzazi wake kumdhibiti. Si jinai. Ni kosa la hadhi, yaani jambo ambalo ni kosa tu kwa kuwa mtendaji ni mtoto, kama utoro wa shule. Ila linafunguliwa faili. Binti akaigeuza sentensi ya mama kwa Kiingereza, safi kabisa, neno kwa neno, na kwa mdomo wake mwenyewe akafungua faili lake mwenyewe.

Bahati ni kwamba tangu mageuzi ya sheria ya watoto ya mwaka 2014, jimbo linajaribu kuwaepusha watoto wa namna hii na hakimu. Faili lilikwenda kwa afisa wa mahakama anayeshughulikia watoto, akaandaa makubaliano ya miezi sita: shule, ushauri wa kisaikolojia, asilale nje. Ushauri wa ofisini ulikwama mara mbili. Binti alikaa kwenye kiti dakika hamsini, akajibu "sijui," basi. Ndipo mtaalamu akapendekeza farasi.

Mjomba wa binti, ambaye ni mchungaji wa kanisa lao na ndiye mwenye gari, hakupendezwa. "Dada," aliniambia, "fadhila za punda ni mateke." Nikamwambia huyu si punda. "Ni punda mwenye hela," akajibu. Nikamsimulia habari ya Liz Hartel wa Denmark: polio ilimpata 1944, ikamwacha miguu imepooza kuanzia magotini, na 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki akachukua medali ya fedha akiwa juu ya farasi, akishindana na wanaume wazima wa afya. Baada ya hapo watu wengi Ulaya na Marekani wakaanza kuchukulia farasi kama njia ya matibabu. Mwaka 1969 Marekani wakaunda chama cha kupandisha farasi watu wenye ulemavu; mwaka 1999 huko Utah kikaanzishwa kingine, EAGALA, kinachoshughulika na mambo ya akili na moyo. Mjomba akasikiliza kwa adabu, hakuguswa.

Kilichomgusa ni kingine. Nilimwambia mbio za kwanza za Kentucky Derby, 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mweusi. Kwamba Isaac Murphy, aliyezaliwa humuhumu Kentucky, alishinda Derby 1884, 1890 na 1891, na kaburi lake liko hapa Lexington kwenye bustani ya farasi ya jimbo. Mjomba akanyamaza. Miaka saba ameendesha gari kando ya ule uzio akidhani ndani yake hakuna habari yoyote inayomhusu. "Jumamosi saa ngapi?" akauliza.

Mama yeye hofu yake ilikuwa ya kawaida zaidi. Hajawahi kumgusa farasi. Kigoma ni nchi ya mbung'o, na mbung'o hawaishi na farasi. Kambini kulikuwa na mbuzi na baiskeli. Alipoonyeshwa picha kwenye simu alisema, "Hii nyama yote hii, mtoto wangu ataisimamia vipi?" (Nyama kwa Wakongo ni mnyama. Mimi wa Tanga, mara ya kwanza kuisikia nilidhani anazungumzia nyama ya kula.)

Mpango wenyewe haukuwa wa kupanda farasi. Wengi wanachanganya. Kuna matibabu ya viungo, ambapo mgonjwa anakalishwa juu ya farasi kwa sababu mwendo wa farasi unatikisa nyonga za mpandaji kama mwendo wa binadamu. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa viungo na wa matamshi. Kuna mafunzo ya upandaji kwa watu wenye ulemavu. Na kuna hii ya EAGALA na wenzao: miguu yote iko chini, farasi hatandikwi, na uwanjani wapo watu wawili, mmoja mtaalamu wa saikolojia mwenye leseni, mwingine mtu wa farasi. Yule wa farasi kazi yake ni kumwangalia farasi na usalama. Nasisitiza wawili. Ukikuta mpango una mtu mmoja, ana farasi, ana tabasamu na cheti cha wikiendi, mpeleke mtoto wako kanisani au msikitini, ni bure.

Vipindi sita vya mwanzo sikuwepo. Nimesimuliwa na binti na mtaalamu, kwa ridhaa yao.

Jumamosi ya kwanza walikuwa farasi watatu wameachiwa uwanjani, akaambiwa afanye anavyotaka. Alisimama na kofia ya koti kichwani, mikono amekunja, karibu dakika arobaini. Mmoja wa wale farasi, jike mzee wa miaka 22, rangi ya kahawia na alama nyeupe kwenye paji la uso, farasi wa mbio aliyestaafu, akasogea mpaka hatua mbili, akasimama amempa ubavu, anatazama kwingine. Mtaalamu akauliza, "Unaona nini?" Binti: "Ananipuuza." Ikapita dakika nzima. Kisha akasema, "Hapana. Sikio moja liko kwangu."

Ndiyo sentensi ya kwanza ya maana aliyompa mtaalamu tangu wajuane, na ni uchunguzi sahihi. Farasi ni mnyama anayewindwa, si mwindaji. Uzito wake ni nusu tani, lakini maumbile yake yote ni ya mtu anayeogopa kushambuliwa: macho yako pembeni, anaona karibu mzunguko mzima isipokuwa nyuma ya mkia na mbele ya pua palepale, na masikio kila moja linageuka peke yake. Anaweza kuangalia kule na kukusikiliza wewe. Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mwaka 2016 kilitoa utafiti wa farasi 28 walioonyeshwa picha za nyuso za wanaume: uso wa hasira uliwafanya watazame kwa jicho la kushoto, ambalo farasi hulitumia zaidi kwa vitu vinavyomtisha, na mapigo ya moyo yakapanda haraka zaidi. Farasi anasoma uso. Na binti huyu pia alikuwa msomaji wa nyuso. Miaka saba amekaa kati ya daktari na mama, kati ya mwenye nyumba na mama, anausoma uso wa mzungu kabla ya maneno ili ajue jambo gani analipeleka kwa mama na kwa sauti gani. Mtu wa farasi aliniambia hajaona msichana aliyejifunza masikio na mkia haraka namna ile. Sikushangaa.

Kipindi cha tatu na cha nne vilikuwa vya kamba. Amtoe farasi upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, kati ya magogo yaliyolazwa chini. Akavuta. Farasi akasimama. Akavuta zaidi, farasi akainua kichwa. Hapa panahitaji maelezo, maana ndipo kazi ilipo. Farasi hafundishwi kwa kuvutwa, anafundishwa kwa kulegezewa. Unaikaza kamba kidogo sana. Akipiga hatua, hata nusu hatua, unaiachia papo hapo. Kule kulegea ndiko ujira wake. Asiyejua kulegeza atavuta mpaka jioni, maana nusu tani haivutiki. Binti alijaribu kama mara ishirini, akachoka, akashusha mabega, akapumua kwa nguvu, akageuka kuondoka bila kuangalia nyuma. Farasi akamfuata. Alicheka, naambiwa, halafu akakasirika kwamba amecheka.

Kipindi cha tano ndicho kilichoharibika.

Mama alialikwa. Hakuna aliyepanga mkalimani; walidhani watatumia simu, na shambani mtandao haukamati. Mtaalamu, mtu mwema kabisa, akamgeukia binti: mwambie mama yako umekuwa ukifanya nini hapa, kisha muulize anajisikiaje kukuona hivi. Binti ameshika kamba, farasi yuko pembeni yake. Akatafsiri. Mama, ambaye hajawahi kuulizwa na mtu yeyote duniani anajisikiaje kuhusu farasi, akajibu linalomkaa moyoni: "Mwambie huyu mzungu, nyumbani hafagii hata chumba chake."

Binti akasema kwa Kiingereza: mama anasema ni vizuri.

Mkono ukakaza kamba. Farasi akatupa kichwa juu, masikio yakalala nyuma, akaruka hatua moja kando. Mama akarudi kinyumenyume, akakaa kwenye tope kwa gauni lake la kitenge. Hakuumia. Binti akaiacha kamba ikaanguka, akatembea hadi kwenye gari la mjomba, akajifungia. Jumamosi iliyofuata hakwenda.

Katika mikutano ya baadaye watu walijadili sana farasi alishtuka kwa nini. Mimi naona jambo halihitaji mjadala. Shamba lilikuwa mahali pekee katika maisha ya binti ambapo mdomo wake haukodiwi, na wiki ya tano wakaukodi. Na si adabu tu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kifungu cha sita, inamtaka kila anayepokea fedha za serikali kuu, iwe shule au hospitali, asimnyime mtu huduma kwa asili yake, na mahakama zilishasema tangu zamani kwamba lugha imo humo. Kwenye afya, kanuni za 2016 zilikwenda mbali zaidi: mtoto asitumike kutafsiri, isipokuwa dharura na hakuna mwingine. Mzazi una haki ya kusema, kwa Kiswahili chako, "nataka mkalimani," na ni bure. Semeni. Msione haya.

Waliponipigia simu nilitoa masharti, na kwa kawaida mimi si mtu wa masharti. Binti hatatafsiri hata neno moja, hata "asante". Mimi nasimama kwenye uzio na mama. Na kila kinachosemwa nakisema, kiwe kitamu au kichungu.

Kipindi cha saba alirudi, hamtazami mama. Mtu wa farasi akampa brashi. Mama yuko upande wa pili wa uzio, amevaa viatu vya mvua vya mjomba. Kimya kirefu. Binti akasugua shingo, akasugua ubavu, akawa anamwambia farasi kwa Kiswahili cha Kigoma: "Tulia, Bibi. Tulia." Mama akashtuka. "Bibi ya nani?" Kwa Wakongo bibi ni mke. Binti, bila kugeuka: "Bibi. Mama wa mama." Nikaingilia, nikasema kwetu Tanga pia ni hivyo, na Wakenya wao wanasema nyanya. "Nyanya?" akasema mama. "Ile ya mboga?" Binti akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Mama naye akacheka, na yule farasi mzee, katikati ya vita vya lugha, akashusha kichwa, akalamba midomo, akapumzisha mguu mmoja wa nyuma, kama wafanyavyo wakitulia. Mtaalamu akanitazama anasubiri tafsiri. Ilinichukua dakika tatu, na haikuwa na uchekeshaji wowote kwa Kiingereza.

Kipindi cha tisa ndicho ninachokiwaza nikikosa usingizi. Mvua ilikuwa inanyesha, wakaingia bandani. Binti anasafisha kwato: unaegemeza bega kwa farasi, unateremsha mkono hadi kifundoni, anakupa mguu, unachokoa uchafu kwa kichokonoo cha chuma. Kazi ya kuinama. Uso hauonekani. Akaanza kumsemesha farasi kwa sauti ya chini, na mimi, hatua nne kutoka pale, nikasikia. Alikuwa na miaka 11. Mama alikuwa mjamzito, akatokwa damu, wakaenda hospitali. Daktari akasema maneno, na yeye hakuyajua kwa Kiswahili. Hakujua kwamba sisi husema mimba imeharibika. Akamwambia mama, "Anasema hakuna mtoto." Mama akanyamaza siku mbili. "Nilisema vibaya, Bibi," alimwambia ule ukwato. "Nilisema vibaya."

Maadili ya ukalimani ni mepesi darasani: kinachosemwa, tafsiri chote. Lakini mtoto alikuwa anaongea na farasi. Mtaalamu alinigeukia, nyusi juu. Nilinyamaza. Sijui ni sekunde ngapi. Kisha nikafanya kitu ambacho kitabu hakiruhusu, nikamwuliza binti: "Nimwambie?" Akaushusha mguu wa farasi taratibu. "Mwambie, anti." Nikatafsiri, na sauti yangu haikuwa ya kikalimani.

Ila mama hakuhitaji tafsiri yoyote. Alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno. Alisema, "Nilijua kabla hujafungua mdomo. Nilikuona uso." Kisha akasema, "Hukusema vibaya. Mimi ndiye sikusema kitu." Hawakukumbatiana. Watu wa kwetu hawakumbatiani bandani mbele ya wageni. Mama aliomba brashi.

Sasa swali ambalo wafadhili hulipenda: je, ni farasi aliyemsaidia?

Vipeperushi vya mipango hii vimejaa kwamba farasi ni kioo cha nafsi. Kioo hakikukanyagi. Farasi ni mnyama mwenye shida zake, njaa zake na siku zake mbaya. Na ushahidi ni mwembamba kuliko vipeperushi. Mwaka 2014 Michael Anestis na wenzake walipitia tafiti 14 za matibabu ya akili kwa farasi, wakakuta karibu zote zina kasoro kubwa: watu wachache, hakuna kundi la kulinganisha, kipimo ni maneno ya wahusika wenyewe. Wakasema wazi kwamba bado hazitoshi kupendekeza matibabu haya. Mwaka huohuo Patricia Pendry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alifanya vizuri zaidi. Alichukua watoto 130 hivi wa darasa la 5 hadi la 8, akawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakaanza na farasi na nusu wakasubiri, akapima homoni ya msongo katika mate yao. Walioanza na farasi walikuwa na viwango vya afya zaidi. Lakini hao walikuwa watoto wa kawaida, si wenye faili mahakamani.

Katika kisa chetu mambo mengi yalibadilika kwa mpigo. Watu wazima walewale walifika kila Jumamosi bila kukosa. Mjomba aliendesha dakika 25 kwenda na 25 kurudi, na bila petroli yake hakuna kisa. Shule ilianza kutumia mkalimani wa simu. Hospitali vilevile, baada ya mama kujifunza kusema "mkalimani" na kukaa kimya mpaka aletwe. Habari ya kujiumiza ilishughulikiwa na mtaalamu yuleyule siku za wiki, ofisini, kwa mpango wa usalama ulioandikwa, si uwanjani. Nalisema kwa nguvu: mtoto aliye katika hatari leo hapelekwi kwa farasi Jumamosi. Huku Marekani unapiga 988, namba ya msaada kwa anayetaka kujidhuru, usiku huohuo.

Nikilazimishwa kujibu, nasema farasi alifanya kitu kimoja ambacho hakuna mtu katika kisa hiki aliyeweza kukifanya: hakuhitaji kutafsiriwa. Mtaalamu mzuri angefika pale bila farasi? Labda, na mkalimani mzuri tangu siku ya kwanza. Lakini binti yule alikuwa amefunga mdomo mbele ya kila mwenye masikio ya binadamu, na ofisini, kwenye kiti, hana cha kufanya na mikono yake. Kwa Bibi alikuwa na brashi.

Kuhusu gharama nitakuwa mfupi, maana majibu hutofautiana. Bima mara nyingi hulipa saa ya mtaalamu mwenye leseni, hailipi farasi. Mpango huu uliishi kwa michango. Uliza kabla ya kutia saini nani analipa, leseni ni ya nani, helmeti zipo, na mkalimani atalipwa na nani. Swali la mwisho ndilo litakaloonyesha kama wamewahi kufikiria familia kama yako.

Baada ya Jumamosi kumi na mbili faili la mahakama lilifungwa, makubaliano yametimizwa. Januari alipigana tena mara moja, kwa sababu ambayo nikiisikiliza naona hata mimi ningepigana. Halali nje. Chumba bado hakifagiliwi. Nyumbani barua zinasubiri mjomba afike, au mimi, na mara mbili umeme nusura ukatwe kwa sababu binti alikataa kuisoma barua, na mama akamwacha akatae. Kwa mama wa kwetu, hilo la kumwacha si dogo.

Sasa ana miaka 16. Bibi amestaafishwa mara ya pili, viungo vya nyuma vinamsumbua, anakula majani tu. Binti ameajiriwa shambani Jumapili mchana baada ya ibada kuzoa mavi mabandani, analipwa kwa saa, na analalamika kwamba farasi mmoja anatoa mavi ya ukoo mzima. Akirudi anavua viatu nje kwa amri ya mama. Wadogo zake wanamsubiri mlangoni na swali lilelile la kila wiki, kama leo amempanda, na jibu bado ni hapana.